Gari Lililokataa Misa ya Asubuhi

Kabla ya kufungua kapo, yaani boneti, la gari lolote, fundi Liévin huuliza swali moja: nani aligusa? Hajali gari ni la nani, wala mwenye gari ana haraka kiasi gani. Anataka jina. Akilipata, au asipolipata, anaanza kumtukana huyo fundi aliyetangulia kwa muda unaotosha mimi kuchemsha sufuria ya chai: mikono yake, macho yake, shule aliyoikimbia, na mama aliyemzaa akidhani amezaa mtu. Akishamaliza ndipo anashika ufunguo, yaani spana. Siku moja alitukana hivyo kazi aliyoikuta chini ya gari la padri, akasema aliyekaza zile skurubu alipaswa kukazwa yeye. Baadaye ikajulikana kwamba skurubu zile hazikuwahi kufunguliwa tangu gari litoke kiwandani. Liévin alisema basi hata kule kiwandani wapumbavu wapo, akaendelea na kazi.

Mimi naitwa Virginie. Ninauza chai na vitumbua asubuhi, bukari, yaani ugali, na sombe la majani ya muhogo mchana, ndani ya ua wa Mama Constance hapa Kampemba, Lubumbashi. Mafundi watatu wanafanya kazi humo: Liévin, Alexis, na Fils ambaye ananyoosha mabati. Nina miaka tisa hapo. Sijui kuendesha gari wala sitaki kujua, lakini mtu hawezi kukaa miaka tisa kati ya mafundi asijue kitu. Tena nina ulimi. Wanasema ulimi wangu unaweza kutoa kutu. Ni kweli, na wanastahili.

Liévin ana miaka hamsini na tisa. Babu yake alishuka kutoka Kongolo kuja kufanya kazi ya reli, baba yake akazaliwa katika nyumba za reli, na yeye mwenyewe alijifunzia kazi kwenye karakana ya reli, siku ambazo gari lilikuwa bado linakunywa mafuta kwa karbirata na fundi mwenye bisibisi moja alikuwa mtu mkubwa. Magari ya injeksheni yalipoanza kuingia kutoka Japani kwa njia ya Zambia, usukani upande wa kuume, Liévin aliomboleza mwaka mzima. Alisema ndani ya kila gari sasa kuna kisanduku, kalkulatere, kinachoamua mafuta yaingie kiasi gani, na kisanduku hakisalimii mtu wala hakionyeshi mahali kinapoumwa. Halafu akajifunza, peke yake, kwa masikio.

Masikio ndiyo sifa yake. Mteja akija kusema gari lake haliwaki vizuri, Liévin anamwambia aliimbe. Ndiyo maana katika ua wetu utamkuta mkurugenzi mwenye tai amesimama mbele ya watu, anafanya nye-nye-nye-nye kwa mdomo, na Liévin anasikiliza amefumba macho. Akiimba kwa kuburuta, nyee, nyee, nyee, ni betri. Akiimba haraka bila kukohoa hata kidogo, ama cheche haziruki ama mafuta hayafiki. Akiimba haraka, akakohoa, akakohoa tena, basi mafuta yamezidi na injini imezama. Watu wanacheka, lakini nimeona mara nyingi akitaja ugonjwa kabla ya kugusa kitu, na ugonjwa ukakutwa pale pale alipousema.

Huyo ndiye Liévin kwa sura ya nje. Ili kumjua zaidi lazima nieleze habari ya gari jekundu la Mama Constance.

Mama Constance ndiye mwenye ua. Mumewe, Papa Gauthier, alifariki Agosti ya mwaka juzi, akamwachia gari dogo la Kijapani lenye umri wa miaka ishirini na saba. Mama alijifunza kuendesha akiwa na miaka sitini na mbili. Alijifunza vibaya, lakini kwa imani kubwa, na watu wa barabara yetu walizoea kupanda ukingoni wakimwona. Mwaka jana Julai gari lilikuwa bado limefungiwa na familia ikigombania karatasi zake, kwa hiyo baridi ya mwaka huu ilikuwa ya kwanza kwao wawili pamoja. Yeye ndiye anayetunza ufunguo wa kanisa la shirika letu, na misa ya asubuhi inaanza saa kumi na mbili.

Baridi ya hapa kwetu si ya mchezo. Mwezi wa sita na wa saba, alfajiri, maji ya ndoo yanauma meno. Ndipo gari jekundu lilipoanza kukataa. Mchana lilikuwa linawaka kwa mguso mmoja, kama mtoto mzuri. Alfajiri Mama alizungusha ufunguo mpaka betri ikalala, na gari halikusema neno. Siku ya kwanza alichelewa kidogo. Siku ya pili alichelewa zaidi. Siku ya tatu ilikuwa Jumatano, na padri alisimama mbele ya mlango uliofungwa akitetemeka ndani ya kanzu yake nyembamba, pamoja na bibi kumi na wawili wa Legio ya Maria, mpaka saa moja kasoro. Bibi mmoja alisema kwa sauti kwamba marehemu Gauthier alikuwa anakuja kanisani mara mbili kwa mwaka, lakini angalau alikuwa anafika.

Asubuhi hiyo Mama Constance aliingia uani na uso ambao sijawahi kumwona nao hata kwenye matanga ya mumewe.

"Nani alishika hii motoka ya mwisho?" Liévin aliuliza kabla Mama hajamaliza kusalimia.

"Miye," Alexis alisema. "Mu mwezi wa tano. Pompa ya esansi ilikuwa ilikufa, nikatia ingine. Lakini ile kazi iko muzuri, Papa Liévin."

"Kama iko muzuri, juu ya nini haiwake?"

"Muchana inawaka."

"Muchana hata mbuzi inawaka." Liévin alimgeukia Mama. "Mama, miye nasemaka kila siku: mwenye kushika ya mwisho njo mwenye makosa. Hakuna kutafuta mbali."

Alisema hivyo kama anavyosema kila siku, kwa raha, bila kuwaza. Lakini siku hiyo kulikuwa na mtu aliyetafuta kichwa cha kukata, na Liévin alimpa.

"Alexis," Mama Constance alisema, "mpaka samedi mangaribi. Utoshe bintu yako, utoke mu parcelle yangu."

"Utoke" ni neno dogo, hata likiwa na muda mpaka Jumamosi jioni. Lakini Alexis alizaliwa Likasi, kwa wazazi waliotoka Kasai, na alipokuwa na miaka sita, mwaka ule ambao Wakasai walifukuzwa Katanga, na ambao watu wa umri wangu wanaukumbuka na hawapendi kuutaja, alilala wiki nyingi na mama yake kwenye kituo cha gari-moshi, wakingoja behewa la kuwarudisha kwao. Huko kwao hakuwa amewahi kukanyaga. Walirudi Katanga baadaye, kama wengi. Siamini kwamba Mama Constance aliwaza hayo. Alikuwa na baridi na aibu tu. Alexis alikunja kitambaa chake mara mbili, akakitia mfukoni, akarudi chini ya gari alilokuwa analitengeneza. Mimi nilitaka kumrushia Liévin mwiko, na ninajuta sikumrushia.

Liévin yeye alikuwa ameshaingia kazini. "Mama, imba."

"Niimbe nini?"

"Motoka. Vile inalia asubui."

Mama Constance alitazama kulia na kushoto. Yeye ni présidente wa Legio. Aliweka mkoba wake juu ya tairi, akanyoosha kitambaa cha kichwa, akaimba: nye-nye-nye-nye-nye, haraka na kwa sauti safi, maana sauti anayo. Mimi nilijificha nyuma ya sufuria.

"Haikohoe?"

"Haikohoe."

"Hata kidogo?"

"Papa Liévin, nilikuambia haikohoe."

"Bon," Liévin alisema. "Kesho asubui, mbele ya jua. Hakuna mutu atagusa kontaki mbele ya miye kufika. Motoka ya kugonjwa mu baridi, tunaipima mu baridi."

Kesho yake nilifika saa kumi na moja na nusu kuwasha mbabula yangu, jiko la makaa, nikamkuta ameshafungua kapo, amevaa makoti mawili. Alinituma nikae kwenye usukani nizungushe ufunguo akisema. Kwa hiyo haya ninayoeleza niliyaona.

Kwanza alitoa buji, vile vidude vinavyotoa cheche, akaviweka juu ya chuma na kuniambia nizungushe. Cheche ziliruka, za buluu. Basi moto upo. Akavirudisha, akanifanya nizungushe tena kwa muda, akavitoa, akavinusa. Vilikuwa vikavu. Baada ya kuzungusha kiasi kile vingepaswa kunuka esansi, petroli. Basi mafuta hayaingii ya kutosha. Nilisema, "Ni pompa, kumbe Alexis kweli." Alinionyesha kidole ninyamaze. Aliweka sikio kwenye tangi, akaniambia nifungue kontaki, umeme tu, bila kuzungusha, na pompa ikavuma. Akalegeza bomba la mafuta karibu na injini, na esansi ikamruka usoni mpaka kwenye masharubu.

"Pompa iko muzima," alisema, akijipangusa. Hakufurahi kulisema.

Kisha alimimina kifuniko kimoja cha esansi kwenye njia ya hewa, akaniambia nizungushe. Gari liliwaka mara moja, likatikisika, likazima. Hapo alisimama wima na kunieleza, kwa sababu Liévin akifikia hatua hiyo lazima aeleze mtu, hata muuza sombe. Asubuhi ya baridi, alisema, injini inahitaji mafuta mengi kuliko mchana. Kisanduku kinajuaje kuna baridi? Kuna kipima joto, sondi, kinachokaa ndani ya maji ya injini na kupeleka habari. Sasa gari hili mafuta linayo, cheche linazo, lakini kisanduku kinagawa mafuta ya mchana. Kuna kitu kinakidanganya kwamba maji ni ya moto.

"Tuone ule muongo," alisema, akaingiza kichwa chini.

Nikangoja matusi. Liévin akikuta kazi ya mtu mwingine, matusi huanza kichwa kikiwa bado chini ya kapo. Safari hii hayakuja. Nilihesabu muda nikidhani amepata kizunguzungu, nikateremka kumtazama.

Waya za sondi zilikuwa zimekatwa. Badala ya sondi, kati ya ncha mbili kulikuwa na kipande kidogo kuliko punje ya mchele, chenye michirizi ya rangi, na chote kimefungwa kwa sparadra, plasta ile ya vidonda, iliyogeuka nyeusi kwa uzee. Mafundi wote ninaowajua hufunga waya kwa utepe mweusi. Ni mmoja tu anayefunga kwa sparadra, kwa sababu mke wake alikuwa muuguzi na nyumbani imejaa.

Liévin alishusha kapo polepole. "Nitaangalia tena kesho," alisema, akaenda kuosha mikono iliyokuwa bado haijachafuka sana.

Ijumaa Alexis alianza kushusha vyombo vyake. Alikuwa ameviweka ukutani kwa mpangilio, kila ufunguo kwenye msumari wake kutoka mdogo hadi mkubwa, na alivishusha kwa mpangilio huohuo, akivipangusa kimoja kimoja na kuvitia ndani ya mfuko wa zipu. Ilimchukua asubuhi nzima. Liévin hakuwepo, alikuwa amekwenda Katuba. Aliporudi mchana alikaa kwenye benchi langu, nikamwekea bukari, akalitazama.

"Sema," nilimwambia.

Alisema, kwa sauti ndogo. Miaka saba iliyopita alisafiri na Gauthier hadi Mokambo kutafuta matairi upande wa Zambia. Njiani sondi ilikufa. Gari likadhani liko ndani ya barafu, likajimiminia mafuta hadi likatoa moshi mweusi na kuzama. Kipuri hakikuwepo. Basi Liévin alikata waya, akaweka hicho kipande, rezistansi, ili kisanduku kiamini maji ni ya moto siku zote. Provizwari tu, ya muda, ya kuwafikisha Lubumbashi. Gauthier aje Jumatatu watie sondi mpya. Gauthier hakuja Jumatatu, kwa sababu gari lilitembea, na Gauthier alikuwa mtu wa kutoka nyumbani saa nne, jua likiwa limeshapasha injini. Kwa miaka saba hakuna aliyejaribu kuliwasha alfajiri ya Julai. Gari lilingoja mtu wa misa.

"Sasa?" nikauliza.

Alitoa mfukoni sondi, si mpya lakini nzima, aliyoitoa kwenye gari bovu kule Katuba. "Kesho nitatia hii. Itawaka. Bantu batasahau."

"Na Alexis?"

Alirudisha sondi mfukoni. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, kwa sababu watoto wa dada yangu wanajua kusoma. Nilichukua na bukari langu. Niliona haya kwa ajili yake, na haya ya mtu mwingine ni mbaya kuliko yako, kwa sababu huna la kufanya nayo. Mimi pia ningeweza kwenda kwa Mama Constance kumweleza. Sikwenda. Nilijiambia ni lazima aseme mwenyewe, na labda nilikuwa naogopa tu kupoteza mahali pangu pa kuuzia.

Jumamosi saa kumi jioni Mama Constance alikuja kuhakikisha. Alexis alikuwa ameshapakia jeki na mfuko wake kwenye mkokoteni. Alizunguka akituaga kwa mkono, mtu mmoja mmoja, kwa adabu. Alipofika kwa Liévin alisema:

"Papa Liévin, ile pompa nilifunga na kolie mbili za kubana bomba. Moja iko ya zamani. Usiikaze sana, itapasuka, Mama atabaki mu njia."

Akashika mikono ya mkokoteni. Liévin alibaki na mkono wake hewani.

"Subiri," alisema. "Mama, haiko Alexis. Ni miye."

"Weye nini?"

"Ni miye niliharibisha motoka. Pompa ya Alexis iko muzima. Miye nilitia bongo, ule uongo, mu motoka, ku Mokambo, na Papa Gauthier."

Mama Constance alimtazama, uso wake ukalainika, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. "Papa Liévin," alisema kwa upole wa kanisani, "naona unamuhurumia. Ni muzuri. Ni Roho Mutakatifu. Lakini bongo ni bongo, hata ya huruma."

"Sina na huruma," Liévin alisema.

"Unayo. Ulikuwa unaificha."

Watu walioanza kukusanyika walitikisa vichwa, wengine kwa mapenzi. Liévin mwema. Nani angejua? Alifungua kapo kwa hasira, akawaonyesha sparadra. Fils, ambaye hajui kunyamaza, alisema sparadra inauzwa kwenye kila farmasi. Sijawahi kuona mtu akigombana kwa sababu watu wanamdhania mzuri. Jasho lilimtoka mwenye makoti mawili. Basi akafanya kile anachokijua. Alianza kumtukana fundi aliyetangulia.

"Muangalie hii kazi," alisema. "Muangalie huyu nyama ya pori vile alikata waya. Na meno. Huyu mutu hana mikono, iko na makucha. Alisema provizwari. Provizwari miaka saba. Baba yake alimupeleka ku karakana ya reli, angemupeleka ku kuchunga nguruwe, na nguruwe zingelalamika." Aliendelea, shule, macho, mama mzazi, bila kuruka hata kifungu kimoja, akijipiga kifuani kwa ufunguo kila alipofika kwenye jina lake mwenyewe. Watu walicheka mpaka wakashikana. Lakini hawakuamini bado. Walidhani ni mchezo mzuri wa kumwokoa Alexis.

Hapo Liévin aliushusha ufunguo.

"Mama," alisema, "redio ya Papa Gauthier iko wapi?"

Kicheko kikakatika. Kila mtu aliyewahi kuingia sebuleni kwa Mama anaijua redio ile, ambayo marehemu alisafiri nayo ingali mpya. Iko juu ya kabati, chini ya kitambaa cha kufuma, kando ya picha ya marehemu.

"Tokea safari ya Mokambo haisemi," Liévin alisema. "Haiko vile? Papa Gauthier akakuambia ni mavumbi ya njia. Mavumbi hapana. Ilete. Ku nyuma, karibu na kifungo ya sauti, kutakosa kintu moya, ile rezistansi. Utaona miguu mbili ya kukatwa, na katikati hakuna kintu. Kama haiko vile, miye ni mutakatifu, munipeleke kwa padri."

Mama aliingia ndani, akarudi na redio akiwa ameibeba kama mtoto mchanga. Hakumpa Liévin. Alimpa Alexis. Alexis alifungua zipu ya mfuko wake, akatafuta bisibisi ndogo, akatoa skurubu nne na kifuniko cha nyuma. Aliinamisha redio kuelekea kwenye mwanga. Kisha aliigeuza ili Mama aone: karibu na kifungo cha sauti, vijiti viwili vifupi vya waya vilivyokatwa, na nafasi kati yao ndogo kuliko punje ya mchele.

Mama Constance alikaa kwenye benchi langu.

"Miaka saba," alisema, "namutukana ule mutu aliuzisha hii redio. Hata mu njia. Hata ku mlango ya kanisa."

Hakuna aliyecheka. Alikaa akiishika redio, akafunga kifuniko chake mwenyewe kwa vidole bila skurubu. Halafu akasema, bila kuinua macho, "Alexis, rudisha bintu yako." Na baadaye kidogo: "Unisamehe." Alisema kwa Kifaransa pia, pardon, kama mtu anayeogopa la kwanza halikufika.

"Na miye, Mama?" Liévin aliuliza.

"Weye utengeneze motoka. Kesho ni dimanche."

Alitia sondi jioni hiyohiyo, na rezistansi akampa Mama mkononi. Jumapili alfajiri, baridi ikiwa kali kuliko siku zote, tulisimama watu wanne kutazama. Gari liliwaka kabla Mama hajamaliza ishara ya msalaba. Aliimaliza barabarani, kwa mkono mmoja, na watu wakapanda ukingoni.

Jumatatu nilikuwa namimina chai, Liévin kwenye benchi upande huu, Alexis amesimama na kikombe chake. Waliongea kidogo juu ya baridi. Kisha Alexis akauliza, kwa sauti ya kawaida:

"Papa Liévin, kama ile samedi haungesema, ungeniangalia naenda?"

Nilidhani Liévin atatafuta neno la kuponya. Maneno anayo mengi kuliko vyombo. Alizungusha kikombe chake.

"Ningekuangalia," alisema. "Vendredi, hapa ku benchi, nilikuwa nilimaliza kuamua. Sondi ilikuwa mu mufuko."

Alexis aliitikia kwa kichwa. "Merci," alisema. Alimaliza chai, akanirudishia kikombe, akaenda kazini.

Hayo yalikuwa Julai. Sasa ni Oktoba, joto limerudi, na gari jekundu linakwenda misa kila siku. Liévin bado anauliza nani aligusa, na bado anatukana, ila siku hizi anatazama kwanza chini ya kapo, na mara moja nilimwona akianza tusi akalimeza. Alexis anafanya kazi mahali pake pa zamani. Misumari yake iko ukutani, kutoka mdogo hadi mkubwa, haina kitu. Asubuhi anafungua mfuko, anatoa ufunguo anaouhitaji, akimaliza anaupangusa, anaurudisha na kuvuta zipu. Mfuko unakaa karibu na mguu wake. Liévin amemwambia zaidi ya mara mbili avitundike, vitaota kutu humo ndani.

"Nitatundika, Papa," Alexis anamjibu, na anarudi chini ya gari.